Niachieni Shimo Moja

Juzi nilipita barabara ya Kabras. Mahali fulani walikuwa wakichoma miwa kabla ya kuikata, na majivu meusi yakaniangukia kwenye gauni. Nikasahau kabisa nilikokuwa nikienda. Wewe uliyekulia huku unayajua majivu hayo. Yalimharibia mama nguo zilizoanikwa, na baba yalimkasirisha kuliko mtu yeyote, kwa sababu baba alikuwa mwalimu wa gofu.

Ndiyo, gofu. Usicheke, majirani walicheka vya kutosha. Mwanamume mzima na viatu vyake vyeupe, eti analipwa kuwafundisha wakubwa wa ofisini kupiga mpira mdogo kama yai la kwale. Lakini klabuni alikuwa na heshima yake. Hata mwenyekiti, mwenye sauti ya kutisha, alinyamaza baba alipomshika kiwiko na kumwambia, "Polepole, mzee. Huo mpira haujakukosea." Siku za majivu sisi watoto tulifagia nyasi kuzunguka mashimo, kisha mama akatuletea obusuma, ugali wetu wa huku, na mboga ya mrenda, tukala nyuma ya klabu huku tukisikiliza mipira ikilia.

Kisha bei ya miwa ikapanda na watu wakashikwa na kichaa. Baba naye hakutaka kuachwa nyuma. Aling'oa mahindi, akang'oa maharagwe, mwishowe akageukia kishamba cha mboga cha nyanya, mama yake mzazi, nyuma ya jiko.

"Papa, muwa haupikwi kwa sufuria," nyanya alimwambia, akimwita baba kama akina mama wa huku wanavyowaita wana wao.

"Mama, mshahara iko. Unga tutakuwa tunanunuanga."

Basi miwa ikafika mlangoni. Upepo ukivuma, majani yake yalikwaruza ukuta wa chumba chetu.

Kumbe klabuni nako kichaa ni kile kile. Wanachama waliacha kuja, kwani Jumamosi walikuwa mashambani wakisimamia matrekta. Mwishowe wakakubaliana uwanja wote ulimwe, upandwe miwa. Kwetu maana yake ilikuwa njaa: mshahara umekwisha, na miwa huchukua zaidi ya mwaka kukomaa. Mama alianza kupika uji mwepesi kama maji, na nyanya akawa anasema ameshiba kabla ya kuonja.

Asubuhi ya kulima, baba alivaa viatu vyake vyeupe akaenda kusimama mbele ya trekta. Mimi na mama tulimfuata mbio. Sijawahi kumwona mtu mzima akiomba namna ile.

"Mzee, niachieni shimo moja," alimwambia mwenyekiti. "Moja tu. Nitafundisha hata watoto." Alikuwa akilia, na wenye majembe walitazama pembeni.

Mwenyekiti hakumkaripia. Ingekuwa afadhali angemkaripia.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "si hata wewe umepanda mpaka kwa mlango? Sasa sisi tuache ya nini?"

Baba akatoka njiani. Trekta likapita.

Siku hizi pale pana magugu. Hata miwa iliyopandwa pale imekwisha, na vijana nikiwaambia palikuwa na uwanja wa gofu wanadhani nawatania. Baba hakushika fimbo ya gofu tena. Siku ya maziko yake, mhubiri alisema tunamzika mkulima wa miwa. Nikamtazama mama nikingoja amsahihishe, naye akainamisha kichwa.