Nilimwambia Ni Uchafu

Simu iliingia asubuhi nikiwa nakunywa chai, na katibu wa kwaya hakuzunguka: "Kaka, Mwalimu ametutoka. Tunazika Jumamosi." Nikauliza alikuwa anaumwa nini, akasema kifua, kile kile cha siku zote. Halafu akaniuliza kama nitakuja, nami nikawaka, maana ni swali gani hilo la kumwuliza mtu? Nilipokata simu ndipo nikaelewa kwa nini aliuliza. Tangu nihamie Arusha mjini sikuwa nimekanyaga Karatu hata mara moja, na miaka yote hiyo mzee alikuwa akiniletea salamu kwa kila mtu aliyeshuka huku, nami nikijibu, "Mwambieni nakuja, mambo yakikaa sawa." Mambo hayakukaa sawa. Wasomaji wangu mmezoea kuniona nikigombana na halmashauri, na mabenki, na vijana wasioamkia watu. Leo mnivumilie. Leo nagombana na mimi mwenyewe.

Marehemu hamumjui, hakuwahi kutoka gazetini. Siku za kazi alikuwa mkulima wa ngano na maharage kwenye miteremko ya juu ya Karatu, na Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya, mmoja wa wale wa zamani waliofundisha kwa noti za herufi: do, re, mi zikiandikwa d, r, m juu ya maneno, na nukta na alama zake zote. Vijana wa leo wanaweka kanda, wanasikiliza, wanaiga. Yeye akikuta nukta moja imekosewa mtaimba mstari ule mpaka koo zikauke. Aliyemfundisha ni baba yake, katekista, ambaye alitunga nyimbo kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili na kuziandika kwenye daftari moja. Daftari lile mmisionari aliomba kuliazima, akarudi nalo kwao Ulaya, na halikuonekana tena. Nyimbo zikabaki vichwani mwa watoto wawili wa katekista: Mwalimu, na mdogo wake aliyekuwa mhudumu wa wodi kule hospitali ya Endulen na ambaye kila mwisho wa mwezi alipanda gari lolote lililopita, hata lori la ng'ombe, aje Karatu kuimba besi.

Sasa, katika wimbo wa mavuno kulikuwa na mstari mrefu unaopanda. Mwalimu alisema unaimbwa kwa pumzi moja mpaka mwisho, ndivyo baba alivyofundisha. Mdogo wake alisema hapana, baba alituvutisha pumzi katikati, baada ya neno "mvua". Msicheke. Watu wamekosana kwa mpaka wa shamba na kwa mbuzi. Hawa walikosana kwa pumzi. Jumapili moja mdogo mtu alivuta pumzi pale pale kwa makusudi, kanisa zima likamsikia, na Mwalimu akashusha mkono akaisimamisha kwaya katikati ya ibada. Aibu! Mdogo mtu akatoka nje na kitabu chake mkononi, akarudi Endulen bila kula.

Mimi niliingiaje? Mimi nilikuwa karani wa kampuni ya utalii pale Karatu mjini, Mchaga niliyekuja kutafuta maisha, na ofisi yetu ilikuwa na kompyuta yenye intaneti ya waya wa simu. Mgeni mmoja tuliyempeleka kreta kuona wanyama, mama mzungu mtu wa maktaba, alisali Jumapili na kwaya ile na kuongea na Mwalimu, akasimuliwa habari za daftari. Miezi kadhaa baadaye akaniandikia: daftari lipo, liko kwenye maktaba ya mji wao, limeshapigwa picha, mnaweza kuliona bure. Akaeleza kwamba kila ukurasa una picha mbili, ndogo ya kutazamia na kubwa ya kuchapishia, akasisitiza: chukueni kubwa. Kubwa, ndugu zangu! Kwa waya ule, ukurasa mmoja mkubwa ulikuwa kazi ya nusu siku, na mtu akipiga simu ofisini laini inakatika, unaanza upya. Nikachukua ndogo. Nikazivuta kwenye printa zikajaa karatasi, nikajiambia mzee hatajua tofauti.

Mwalimu alikuja Ijumaa mchana na mdogo wake. Alikuwa amemtumia ujumbe Endulen: njoo, mwandiko wa baba umepatikana, utaamua kati yetu. Nikawaamkia, wakaitikia, na kabla ya kushika karatasi Mwalimu akaomba maji anawe mikono. Alipoutazama ukurasa wa kwanza alicheka kwa sauti. "Hii em ni ya baba! Tazama anavyoikalisha!" Halafu machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake, shuka juu ya koti, akinyoosha shingo. Walipofika kwenye wimbo wa mavuno wote wawili wakainama juu ya karatasi.

"Hapa pana kitu," mdogo mtu akasema. "Juu ya mstari, baada ya 'mvua'. Kama penseli."

"Penseli gani? Macho yako hayo."

"Kaka, pana kitu."

Kweli palikuwa na kitu, kivuli cha kijivu, kama alama ya kidole. Wakanigeukia. "Wewe ndiye mtaalamu," Mwalimu akasema. "Hiki ni nini?"

Niwaambie jinsi tulivyofundishwa kazi ile. Ofisini kwetu, na kwa madereva wetu wote, kulikuwa na amri moja: mgeni haambiwi "sijui". Akiuliza jina la ndege, mpe jina. Akiuliza faru wako wangapi, mpe hesabu. Mtu akisema sijui, anaonekana hajui kazi. Nilikuwa nimeizoea amri ile mpaka imenikaa kinywani, na siku hiyo nilikuwa na wageni wanane wa kuthibitishiwa lodji kabla ya jioni, na meneja alikwisha kunitupia jicho mara mbili.

"Ni uchafu, wazee wangu," nikasema. "Karatasi za zamani zikipigwa picha hutoa madoa."

"Una hakika?" mdogo mtu akauliza, kwa upole kabisa.

"Nina hakika."

Mwalimu akamgeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia, kaka." Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Basi kifua changu hakiutoshi wimbo wenu." Akaniaga kwa kunishika mkono, akaondoka, na hakuimba tena Karatu. Harusi zilipita, misiba ilipita, alikuja kama mgeni, akakaa viti vya nyuma na kuondoka.

Siku chache kabla sijahama, Mwalimu alinifuata ofisini na karatasi ile ndani ya bahasha. Alikuwa ameitazama kwa lenzi ya kusomea. "Mwanangu, hapa pana herufi. Naziona kama zinaanzia na W. Nitafutie ile kubwa. Ikiwa baba ameandika pumzi, nitapanda mwenyewe Endulen nikamwombe mdogo wangu radhi. Sitaki kufa na neno hili." Nikamwambia, "Nitakutafutia, Mwalimu." Akanitania, "Nyinyi Wachaga mna haraka na kila kitu, isipokuwa shida ya mtu." Tukacheka wote. Kila salamu aliyonitumia baadaye ilikuwa ni hiyo hiyo: mkumbusheni ile kubwa. Na mimi nilikumbuka. Wanaosema walisahau wana nafuu.

Asubuhi ile ya simu nilichomeka modemu kwenye kompyuta yangu ndogo, nikafungua tovuti ya maktaba ile, nikabonyeza picha kubwa. Ilifika kabla chai haijapoa. Nikaikuza, na uchafu wangu ukawa maneno ya penseli, mwandiko ule ule wa em iliyokaa, yanasomeka hata na mtoto wa darasa la kwanza: "Watoto wavute pumzi hapa. Wakubwa waende moja kwa moja."

Nilipanda Karatu Jumamosi na ukurasa ule umechapishwa vizuri. Barabara sasa ni lami tupu, lodji zimeota kila kona, kila mtu ana simu mfukoni, na nilipokuwa nakiona kilima cha Rhotia nikawaza jinsi tulivyosifu kasi hii yote, kana kwamba ucheleweshaji wetu ulikuwa wa waya. Waya haukunichelewesha. Picha ile ilikuwapo siku zote, ikinisubiri nibonyeze mara moja. Mwandiko wa baba wa watu umekaa Ulaya, umehifadhiwa na watu wasiomjua kwa uangalifu ambao mimi, niliyekunywa uji nyumbani kwa mwanawe, sikuwa nao. Najisikia vibaya kuliandika hili, lakini ndivyo lilivyo.

Mdogo mtu nilimkuta nyuma ya nyumba, baada ya mazishi, amekaa juu ya gunia la maharage na shuka lake. Nikampa karatasi. Aliisoma, akairudia, midomo ikitembea.

"Kaka ameniacha miaka tisa kwa kuzaliwa," akasema. "Wakati ule yeye alikuwa anaimba na wakubwa. Mimi nilikuwa naimba na watoto." Akaweka kidole juu ya penseli ile. "Kwa hiyo hakuna aliyesema uongo."

"Hakuna, mzee wangu. Isipokuwa mimi."

Akaninyooshea karatasi. "Hii ilikuwapo siku ile?"

"Ilikuwapo."

"Kaka aliiona?"

"Hakuiona. Aliniomba, nikachelewa."

Nilitaka anitukane. Ningelala vizuri. Yeye akasema, "Alikuwa anajiandaa kuja kwangu. Watu waliniambia. Nilikuwa nimemwekea kitanda." Ndipo akajifunika uso kwa shuka akalia, mtu mzima wa mvi, nami nikakaa chini pembeni yake nikalia pia, na hakuna aliyetubembeleza.

Wasomaji wangu, wengi wenu mmeajiriwa mahali ambapo watu huja na karatasi zao na kuuliza, hiki ni nini? Mpo kaunta, mpo maabara, mpo masijala, mpo mbele ya kompyuta. Watu wale wanawaamini kuliko wanavyoyaamini macho yao. Nawaomba, kama hamjui, semeni hamjui, kisha mkaangalie siku ile ile. Mimi nililipwa mshahara mwema kwa kutosema neno hilo moja, na ndugu wawili wakakaa miaka bila kuimba pamoja, na mmoja wao sasa yuko chini ya udongo wa Karatu akiwa bado anasubiri jibu langu.