Kuku wa Madoadoa

Nilipomaliza darasa la nane nilikuja kukaa na mama mdogo katika mtaa wa Baba Dogo. Alikuwa na kazi mbili. Asubuhi aliuza mboga karibu na Donholm, na mchana alidarizi vitambaa vya viti kwa cherehani ya miguu, chini ya kibanda kilichoegemea nyumba yetu. Miguu ilipoanza kumvimba aliniketisha kwenye cherehani.

"Tujaribu," alisema. "Ukishindwa, utauza mboga."

Kuuza mboga kulitaka kupaza sauti. Wauzaji wa pale waliita watu wanaopita: mama kuja, sukuma ni laini, customer usiniache. Mimi hata kumwambia kondakta "shukisha" nilikuwa naona haya, na mara nyingine nilipitishwa kituo cha nyumbani. Kwenye cherehani hakuna anayekutaka useme. Nilitaka kubaki hapo kuliko kitu chochote.

Kudarizi si kama kushona nguo. Unaondoa ule mguu mdogo unaokandamiza kitambaa, unafunika meno ya chini, halafu unabana kitambaa kwenye duara la mbao. Miguu yako inakanyaga na mikono inatembeza duara. Sindano inapiga palepale ilipo, wewe ndiye unayekipeleka kitambaa. Wiki za kwanza maua yangu yalikuwa kama mayai yaliyopasuka. Baadaye yakaanza kuwa maua.

Kazi kubwa ya kwanza ililetwa na mama chapati, jirani yetu aliyewauzia wafanyakazi chapati langoni mwa kiwanda. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kuzungumza habari ya binti yake. Kwao magharibi, kama kwetu, mgeni wa namna hiyo haketi kwenye kiti kisicho na kitambaa. Alitaka njiwa mmoja katikati ya kila kitambaa, na njiwa mkubwa kwa kiti cha mzee wa wageni. Kitambaa cheupe alikinunua mwenyewe, na hakikubaki kipande cha akiba.

Nilikiacha kile cha mzee mwisho ili mkono uwe umezoea. Siku hiyo nilivaa sketi yangu pana ya buluu yenye madoa meupe. Mama mdogo alinifundisha kuiinua sketi na kuilaza mezani, isije ikamezwa na mkanda wa gurudumu. Niliilaza. Nikazungusha mstari wa njiwa, kichwa, kifua, mkia, kisha nikaurudia mara ya pili ili ukae imara. Ulikuwa mstari mzuri.

Mama chapati akatokea na sufuria yake tupu.

"Simama umsalimie mama," mama mdogo akaniambia.

Nikasimama. Duara likasimama na mimi, likavuta uzi, na cherehani ikasogea kidogo kama mbuzi aliyefungwa kamba. Sketi ilikuwa imeingia chini ya duara, nami nilikuwa nimemshonea njiwa juu yake.

Fundi viatu wa kibanda cha pili aliinua macho. "Siste, leo umejishona?"

"Mwache," mama chapati akasema, "ameolewa na cherehani." Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Halafu akakitambua kitambaa. "Hicho si cha mzee?"

Mama mdogo alichukua wembe akajaribu kufumua. Mshono ulikuwa umeshikana sana, na kitambaa kikaanza kuchanika pale alipogusa. Akaacha. Akakata sketi badala yake, akizunguka duara, nami nikabaki na dirisha mbele ya goti. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema tu, "Jumatatu tutatoka pamoja asubuhi."

Nilijua ni kwenda wapi. Nilikishika kitambaa juu ili nisiwatazame, na mwanga wa jua ukapita. Ndani ya njiwa yalionekana madoa ya sketi yangu, kwa mbali, kama kitu kilicho chini ya maji. Nilikaa nikiyaangalia. Kisha nikasema, nadhani kwa sauti, kwa sababu wote waligeuka, "Mama, niachie mpaka jioni."

Nilichukua wembe nikakata kile cheupe cha juu, ndani ya mstari, polepole, bila kugusa nyuzi. Kikatoka chote. Pale palipokuwa na njiwa akabaki ndege wa buluu mwenye madoa meupe, na hakuwa njiwa tena. Nikampa kishungi chekundu na miguu ya manjano. Uzi wa mwisho niliutumia kwa jicho.

Mama chapati alimtazama sana. "Huyu ni kuku," akasema. Akamkunja, akaondoka naye.

Jumamosi yote nilisikia nyimbo na vicheko nyumba ya tatu, kwa mama chapati, nami nikachambua sukuma huku nikijifundisha kuita watu kimoyomoyo. Jumapili baada ya kanisa mama chapati alikuja na chapati zilizofungwa kwa karatasi.

"Yule mzee hakuegemea kiti mchana kutwa," akasema. "Alikaa upande. Nikamwambia, baba, egemea. Akasema hawezi kumlalia kuku wa wenyewe. Watu walicheka hata yale mazungumzo magumu yakawa mepesi. Wakati wa kuondoka akauliza kama kuku anauzwa."

"Ukamwambia nini?" mama mdogo akauliza.

"Nikamwambia wangu hauzwi. Lakini fundi yupo." Akatoa kikapuni gauni kuukuu la binti yake, la maua, akaliweka mapajani mwangu. "Mzee anataka wa kwake, na atoke kwenye gauni hili."

Jumatatu mama mdogo alibeba gunia la mboga. Nami nilikuwa nimevaa viatu tayari, nikasimama nimsaidie. Alinitazama, kisha akatazama cherehani.

"Wewe unaenda wapi?" akasema. "Keti. Na hiyo sketi uikalie."