Redieta Ilipochemka Kikopey

Haraka ya baba mdogo ya kufika Gilgil haikuhusu ndoa ya kaka yangu. Ilihusu kiti. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo msemaji wetu mbele ya wakwe alikuwa yeye, mdogo wake. Lakini mjomba, ndugu wa mama, alikuwa ametangulia na gari lingine, na mjomba ana mdomo. Tukichelewa, angesimama yeye aongee, na akishaongea hakuna atakayekumbuka kwamba baba mdogo alialikwa. Hayo niliyasikia tangu tulipotoka Molo, mpaka nikamuuliza kama tunaenda kuposa au kugombea ubunge.

"Nyamaza," akasema. "Wewe umekuja kubeba vikapu."

Ilikuwa kweli. Msafara wa kuposa huhitaji msichana wa kubeba vikapu, na shahada hainitoi kwenye kazi hiyo.

Gari lake lilikuwa likivuja redieta, na nyumbani kila mtu alijua. Dawa yake ilikuwa kuvunja yai bichi ndani ya redieta, eti likiiva litaziba tundu, kisha kutembea na mtungi wa maji kwenye buti. Niliwahi kumuuliza kwa nini asizibe tundu lenyewe na kutia kulanti ya kupoza injini. Alisema kulanti ni maji yaliyotiwa rangi ili wajinga wanunue. Nikamwuliza wanaonunua mayai kwa ajili ya gari wanaitwaje. Hatukuzungumza wiki nzima.

Asubuhi hiyo mtungi wa maji ulibaki uani. Kwa wakwe hakuendwi bila mitungi miwili ya pombe ya muratina, na pamoja na vikapu nafasi ya mtungi wa tatu haikuwepo. Hakuna aliyebishana. Mtungi mmoja wa pombe ulikuwa kwenye buti, na wa pili kati ya miguu ya shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, ambaye sote tunamwita Tata. Alikaa kiti cha nyuma na kitambaa cha akina mama wa kanisa kichwani, akiukumbatia. Nilimuuliza ni wapi barabarani dhambi inageuka kuwa heshima. Alisema kwa mdomo huo nitazeekea kwetu.

Tulipopita Mbaruk na kuanza kupanda, mshale wa joto ukapanda nasi. Kisha ikaja harufu ya yai la kuchemsha.

"Anko, simama."

"Tutasimama Gilgil."

"Basi fungulia hita, ivute joto."

"Na hili jua? Umerogwa?"

Karibu na Kikopey mvuke ulitoka chini ya boneti na injini ikaanza kugonga. Hapo akasimama, kwa sababu gari lilikataa. Tata alikata matawi, akayapanga barabarani nyuma yetu, kisha akarudi kwenye mtungi wake. Baba mdogo alifungua boneti na kutoa leso mfukoni, ile ya kujifutia jasho, akaikunja juu ya kifuniko cha redieta.

Nilimshika mkono. Mtaani Rhonda ninakopanga kuna jirani aliyefungua kifuniko cha gari lililochemka. Shavu lake moja lina rangi ya mtu mwingine.

"Toa mkono," akasema.

"Hayo maji yamebanwa. Ukilegeza tu yanakurukia usoni. Hata kwenye kifuniko wameandika."

"Ulisomea sosholojia. Hukusomea redieta."

"Na wewe ulisomea mayai?"

Aliinua mkono wa pili. Nilidhani atanipiga, na bado nadhani angenipiga, lakini bodaboda alisimama kando yetu, kijana mwenye koti la mvua juani.

"Boss, fungua tu ipumue," akasema. "Mimi hufungua ya pikipiki kila siku."

"Pikipiki yako haina redieta," nikamwambia.

"Ai, huyu dem ana kelele! Mzee, ni wako?"

"Wa ndugu yangu," akasema baba mdogo, kama anayekana deni.

Simu yake ikalia. Alikuwa mjomba. Sauti yake tuliisikia sote, imeshiba kabisa: tusiwe na wasiwasi, wenyeji wameanza kukaa, yeye atawaweka sawa mpaka tufike. Baba mdogo alikata simu, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma.

"Leta mtungi."

"Upi?" akauliza Tata.

"Huo. Ni maji na asali tu."

"Utanywesha gari pombe ya wakwe?"

"Nusu tu, Tata."

"Nikifika na mtungi nusu nitawaambia nani aliinywa? Injini?" Aliubana kwa magoti. "Kwanza uniue. Na ule wa kwenye buti usiuguse."

Baba mdogo akamwachia. Nilikuwa nimemweleza jinsi mtu anavyoungua, nikamtajia mvuke na macho, na hakusikia hata neno. Kilichomzuia ni magoti ya mwanamke mzee juu ya pombe. Bila cha kumimina, hakukuwa na haja ya kufungua. Nilipaswa kushukuru. Nilikasirika zaidi.

Bodaboda alitumwa akaazime ndoo ya maji kwenye vibanda vya nyama. Aliporudi, baba mdogo alitaka kumimina palepale. Niligusa paipu ya juu ya redieta kwa haraka. Bado ilikuwa ya moto. Nikasimama mbele ya gari nikiwa nimefunga mikono. Ilibidi tungoje, yeye akitembea na kutukana: mimi, chuo kikuu, marehemu baba aliyenilipia. Paipu ilipopoa kiasi cha kushikika, nilichukua kanga ya Tata, nikaikunja mara kadhaa, nikasimama kando na kugeuza uso. Nilizungusha kifuniko kidogo tu, mpaka kilipokwama mara ya kwanza, nikakiacha. Hata wakati huo kilizomea, kikatema kutu na vipande vyeupe vya yai juu ya boneti. Kilipokwisha kuzomea ndipo nikakiondoa, nikamwambia awashe injini, nikamimina maji kidogo kidogo. Ukimwaga ya baridi kwa mpigo kwenye injini ya moto, chuma kinapasuka. Hilo pia nilimwambia. Aliongeza sauti ya redio.

Tulipofika, mjomba alikuwa amesimama katikati ya watu, na watu walikuwa wakicheka. Tata na mitungi yake walipokewa kwa vigelegele. Baba mdogo aliwekewa kiti cha plastiki mlangoni, karibu na viatu. Hakuna aliyemwomba aseme lolote, hata salamu.

Wakati wa chakula nilimpelekea sahani.

"Umeridhika?" akauliza.

"Uso wako uko mzima, Anko."

"Wa kumtazama huyu akiongea?"

Nilitaka kumwambia kwamba kiti si macho. Lakini alikuwa amepoteza kitu alichokitaka, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya gari. Aliiweka sahani chini bila kuonja.

Tulipoondoka alinikataza kuingia kwenye gari lake. Alisema nirudi na mjomba, kwa sababu ndiye niliyemchagua atusemee.

Nikarudi na mjomba. Aliongea mpaka Molo.