Maji Nyuma ya Ukuta

Nakumbuka vizuri siku niliyobandika sikio kwenye ukuta wa jirani yangu, mwanangu, na hata leo sioni haya kuisema. Nilikuwa kijana bado, nina mtoto mchanga, tumepanga chumba hapa Voi kwenye ploti ya Mzee Mwakio, mtu wa Chawia. Mfereji wa ploti ulikuwa umekauka. Kila asubuhi nilipanga mitungi kwenye foleni nikiwaza maji ya kupikia na ya kufulia nepi. Halafu chumba cha pili, kwa Onyango, nasikia maji yanamwagika kwa kishindo. Yananyamaza. Kidogo hivi yanamwagika tena.

Niambie, wewe ungefikiria nini? Onyango alikuwa fundi wa reli kutoka magharibi, hana mke, na mlango wake ulifungwa kwa kufuli hata akienda dukani tu. Alikuwa mpole, na upole wenyewe ulinitia shaka, maana mtu asiyegombana na yeyote mimi humwekea jicho. Nilishamwona akishusha mitungi iliyojaa kwenye mkokoteni na kuiingiza ndani haraka haraka. Sikuwahi kumwona akitoa hata mmoja, kwa hivyo nikaamua anaitoa sisi tukiwa tumelala, anatuuzia maji yetu wenyewe kupitia watu wengine. Nikawaambia akina mama kwenye foleni. Wakaongeza yao.

Maneno yakamfikia Mzee Mwakio, akaja na fundi wa mabomba, akasema akikuta maji ya wizi, Onyango ahame siku hiyo hiyo. Onyango alifungua mlango bila ubishi. Ndani kulikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, na ndani yake mawe yaliyoota matumbawe hai ya baharini, yanafunguka na kujikunja, na samaki wadogo wa manjano. Juu, karibu na mabati, pipa la plastiki limekaa kwenye mbao.

Alitueleza kwamba pampu ndogo inapandisha maji pipani polepole. Yakifika kwenye kona ya paipu, yanashuka yote kwa mkupuo na kulitikisa tangi. Matumbawe yamezoea mawimbi, alisema, na maji yakitulia yanadhoofika. Vipande vyake alinunua kwa mtu wa Mombasa mwenye ruhusa ya kuvikuza, na hilo wimbi alilitengeneza mwenyewe kwa vipande vya paipu. Maji ni yale yale, yanapanda na kushuka. Mzee Mwakio akachovya kidole akaonja, akaniambia nionje na mimi. Yalikuwa ya bahari, yaliyokuja na ile mitungi kwa treni ya mizigo.

Mzee akanigeukia.

"Mama Mghoi, ulimuuliza huyu kijana, ama uliuliza ukuta peke yake?"

Nikakifuta kidole changu kwenye kanga.

"Kushuku si kosa," akasema. "Lakini anza kwa mlango wa mwenyewe. Leo ningemfukuza mtu, na hivi viumbe vyake vingekufa njiani."

Niliomba msamaha, ndiyo, lakini shaka haikunitoka. Mtu mzima anayefuga wimbi Voi, kwenye ukame huu, lazima awe na lingine. Nikaendelea kusikiliza, hadi nikaujua ule mlio jinsi ninavyojua kilio cha mtoto wangu.

Basi adhuhuri moja mlio ukabadilika. Kishindo hakikuja, yakawa yanachuruzika tu bila kukoma, kisha maji yakatokea chini ya mlango. Wenzangu walisema labda anapiga deki. Mimi nilijua yuko kazini. Nikamwachia jirani mtoto, nikakimbia hadi stesheni. Onyango aliponiona tu, akaweka spana chini.

Tulikuta konokono mmoja wa mle tangini amekwama ndani ya paipu. Pipa limejaa linamwagikia sakafuni, tangi limebaki nusu, na matumbawe ya juu yako nje ya maji kwenye joto lile la Voi. Mimi nilikinga beseni, yeye akazibua paipu na kumimina mitungi ya akiba. Jioni matumbawe yalipoanza kufunguka tena, alikaa pale sakafuni akalia, na hakujificha.

Kesho yake aliniletea ufunguo wa akiba. Nikamuuliza, kwa ile shaka yangu, mbona asiwape rafiki zake wa reli.

"Mama Mghoi, hakuna mtu anasikiza nyumba yangu kama wewe."

Mwanangu, sikwambii uache kushuku. Dunia hii ina watu wabaya, na sikio kali litakusaidia. Ila shaka yako usiipeleke kwenye foleni, wala kwenye makundi yenu ya simu, kabla hujabisha hodi kwa mwenyewe na kumuuliza kwa mdomo wako. Na ukishajua ukweli, usilizibe hilo sikio. Msikilizie jirani yako akiwa hayupo.

Mungu akupe mfereji usiokauka, akupe na jirani mwenye shaka kama yangu, na siku nyumba yako itakaponyamaza, awepo wa kukimbia kukuita.