Unywele wa Kujaribia Kipimo

Mkitaka kucheka, chekeni sasa. Haya niliyaona kwa macho yangu, alasiri jua likiwaka, pale Itigi, nami nilikuwa sijaonja hata togwa.

Ilikuwa miaka ya ubinafsishaji. Shemeji yangu Ntandu, kaka wa mke wangu, fundi wa mashine za kusaga, aliuza ng'ombe wote alioachiwa na baba yake akanunua sanduku la vifaa vya kupimia kutoka karakana ya umma iliyofungwa. Alitaka kufungua karakana yake. Shida, vingi humo hakuvijua. Akaniita mimi, mwenye shahada ya historia.

"Shemeji, wewe umesoma. Hiki nini?"

Kilikuwa kama upinde mdogo wa chuma wenye skrubu. Nikasema, kwa sauti ya mhadhara, ni cha kubania mabomba. Na vile vyuma vyembamba kama wembe? Vya daktari wa meno. Niaminini, sikusita.

"Daktari wa meno, Itigi hii?" Ntandu akacheka. "Dada yangu kaolewa na hasara."

Ndipo mzee mmoja akasimama mlangoni, ovaroli yake imepigwa pasi. Tukamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Mzee gani huku kwetu huacha kuitikia shikamoo? Akainamia sanduku, akaanza kutaja.

"Hii maikromita, ya kupima unene. Hizi geji, za kupima nafasi ya vali za injini."

Akataja kila kimoja na namna ya kukishika. Ntandu akavirudia majina kimoja kimoja, akitabasamu.

"Babu, ni vizima?"

"Tujaribu kwa unywele. Nipe wako."

Mafundi hufanya hivyo, kuona kama maikromita inasema kweli. Lakini huku kwetu, kinyozi akimaliza, unazoa nywele zako mwenyewe ukazifukie, usije ukachezewa. Ntandu alilijua hilo. Akang'oa, akatoa. Hamu ya karakana ilishinda woga.

Mzee akaubana, akazungusha skrubu mpaka ikalia. "Kizima," akasema, akaiweka mezani. Unywele haukuwamo. Nilipoinua macho, naye hakuwapo, na kwenye vumbi la nje nyayo zilikuwa zetu tu.

Tangu hapo Ntandu hajapata kipimo. Shafti ileile, akipima anapata namba hii, akirudia anapata nyingine. Nikipima mimi, bwana mabomba, namba haibadiliki. Alizochonga zikakataa kuingia kwenye beringi, wateja wakahama. Tumeombewa kanisani, tumekwenda kwa waganga mpaka Mungaa. Bure. Anashinda kwenye karakana tupu akipima bolti moja. "Shemeji, nisomee wewe." Namsomea. Anatikisa kichwa, anapima tena.

Nawe unayenunua vyombo usivyovijua, bora uvikosee majina maisha yako yote. Akitokea mtu wa kuvijaribu kwa kitu cha mwilini mwako, funga sanduku. Usijidanganye kwamba utarudi kumwomba. Sisi tumemtafuta Manyoni, tumemtafuta Singida mjini, tumrudishie sanduku zima atupe unywele. Hapatikani.