Tulwet, Ambako Ng'ombe Hulala kwa Wengine

Siku yangu ya kwanza kazini mimi nilipewa baiskeli kuukuu, Barasa akapewa mpya. Vijana wanaotaka nianze na jambo la heshima zaidi watanisamehe, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyoikumbuka ofisi ya mifugo ya Nakuru miaka ya hamsini. Tulikuwa tumetoka chuo kimoja kule Kampala, darasa moja. Baba zetu wote wawili walifanya kazi ya reli, na tulikulia landi moja, zile nyumba za chumba kimoja zilizopangwa safu nyuma ya stesheni. Mimi niliuliza kwa nini yake ni mpya. Barasa alisema, "Asante, bwana," akapanda akaenda.

Mkubwa wetu, Daktari wa Mifugo, alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha masetla. "Wewe nauliza mingi," aliniambia. "Baiskeli yote nakwenda."

Kazi yenyewe ilikuwa chanjo. Homa ya mapafu ilikuwa ikiua ng'ombe wengi, na dawa yake siku hizo ilichomwa kwenye ncha ya mkia, kwa sababu sehemu nyingine ya mwili ingevimba vibaya na kumwangusha mnyama. Mara nyingine mkia wenyewe ulivimba, ukaoza, ukakatika. Huko tulikopita tuliacha ng'ombe wazima wenye vikia vifupi, na wenyewe wakitukasirikia. Nilitaka kujua kwa nini hakuna aliyetafuta dawa bora. Barasa hakutaka kujua. Alichanja, akasalimiana na watu, akapewa kuku wa kurudi naye mjini. Watu walimpenda tangu siku ya kwanza, jambo ambalo sijaweza kulieleza hadi leo.

Kisha Daktari akatuita ofisini. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda Uskoti kusomea udaktari kamili wa mifugo, na mmoja wetu angeipata. Kila mmoja angepewa kijiji akakae huko, kisha aandike maelezo yake: watu wanaishije, wanalisha wapi, na nani ana ng'ombe wangapi. Hilo la mwisho ndilo alilolitaka hasa. Serikali ilisema malisho yamechoka, na mwenye mifugo mingi alikuwa alazimishwe kuuza. Barasa alipewa mahali karibu na Rongai, kando ya barabara, penye josho, yaani lile birika la dawa ambamo ng'ombe huogeshwa kupe wafe. Ng'ombe wote walipita hapo kila juma, na kila mmoja alikuja na mwenyewe nyuma yake. Mimi nikapewa Tulwet.

Tulwet iko juu kabisa kwenye Mau. Lori la pareto liliniacha zaidi ya Molo, nikapanda kwa miguu kupitia msitu wa mianzi, baridi ikiniingia hadi mifupani. Ramani ilisema kuna kijiji. Nilikutana na mama mmoja aliyebeba kuni, nikamuuliza kijiji kiko wapi.

"Umekipita," akasema.

Nyumba zilikuwa moja hapa, nyingine ng'ambo ya bonde, na katikati majani yaliyopigwa na sakitu, ule umande wa kuganda. Mama huyo alikuwa mke wa mzee arap Koros, na kwao ndiko nilikokaa. Asubuhi alinipa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Nilipoyaangalia yale maziwa ya kijivujivu kwa muda akacheka. "Mzee, huyu mtoto amesoma mpaka anaogopa maziwa."

Boma la arap Koros lilijaa ng'ombe. Nilifurahi, nilijua nimempata tajiri wa Tulwet, na nikaona maelezo yangu yameanza vizuri. Lakini nilipotaka kuwachanja, mzee alisimama kwenye lango.

"Ngoja kwanza. Hii ng'ombe si yangu."

"Ipi?"

"Hii. Na hiyo. Na ile ya pembe moja. Wacha nitume habari kwa wenyewe, wakikubali utachoma."

"Na zako ziko wapi?"

"Ziko kwa watu."

Nilidhani ananificha. Nikaenda boma la pili, ng'ambo ya bonde. Nako mwenye boma akaniambia, kwa upole uleule, kwamba ng'ombe hawa ni wa watu. La tatu vilevile. Niliuliza kama ninavyouliza siku zote, hadi mke wa arap Koros akasema hata askari hupumzika.

Jioni moja, tukiwa tumekaa motoni, mzee ndiye aliyeniuliza. "Huyo rafiki yako wa Rongai. Kila siku unamtaja. Amekukosea nini?"

Nikamweleza habari za nafasi ile moja. Nikajikuta nimemweleza na habari za baiskeli.

Alinisikiliza hadi mwisho, akamtazama mkewe, kisha wote wawili wakacheka, bila ubaya. "Sasa sikia," akasema. Ndipo aliponifafanulia. Mtu wa Tulwet akipata ndama hamweki kwake. Humpeleka kwa rafiki, au kwa shemeji, bonde lingine. Yule hutunza, hunywa maziwa, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia boma moja haumalizi mali yote. Na hakuna anayejua mwenzake ana wangapi.

"Mimi nikiona boma la jirani limejaa, sijui kama ni zake, au za mke wangu huyu, au zangu. Nitamwonea wivu nani? Pengine nitajionea mwenyewe!"

Mkewe akaongeza, "Wewe na rafiki yako mmewekwa boma moja. Ndiyo sababu hulali."

Mzee alikwisha kunizoea. Katika siku zilizofuata, tukitembea kupata ruhusa ya chanjo, alinionyesha: huyu wa fulani, huyu wa dada ya fulani. Hakuniambia nifiche. Nadhani hakuwaza kwamba mtu aliyekunywa maziwa kwake angehitaji kuambiwa. Kufikia mwisho nilijua mali ya karibu kila nyumba ya Tulwet, jambo ambalo wenyewe kwa wenyewe hawakulijua. Matajiri wawili walikuwa watu ambao maboma yao yalikuwa karibu tupu. Uskoti nilikuwa nayo mkononi.

Niliteremka Molo nikiwa na hakika kwamba nitayaandika yote. Sikuamini miiko ya kuhesabu mifugo ya watu, na mpaka leo siamini. Lakini nilipokaa kuandika nilijiuliza swali moja ambalo sikuweza kulipa jibu la kunipendeza: nikishayataja majina, Tulwet itakaa vipi? Watu wangelazimishwa kuuza ng'ombe, hilo baya. Baya zaidi, jirani angejua cha jirani, na kila mmoja angeanza kulala kama nilivyokuwa nikilala mimi. Niliandika malisho, maji, magonjwa, na desturi yenyewe ya kuwekeana ng'ombe. Majina ya wenyewe sikuandika.

Daktari alisoma akiwa amesimama. "Wapi jina?"

"Ninayajua, bwana. Siwezi kuyatoa."

"Barasa naleta yote. Kila mtu, ng'ombe yake."

"Barasa alihesabu kwenye josho, bwana."

"Barasa namaliza kazi." Akaniwekea karatasi zangu mbele yangu. "Barasa takwenda."

Baadaye alituma watu wengine Tulwet. Kila boma waliambiwa ng'ombe ni wa watu, hawakujua wamlazimishe nani kuuza, wakashuka. Habari hiyo ilinifurahisha kwa siku kadhaa.

Nilifanya kazi Molo, Naivasha, na bondeni Baringo. Barasa alirudi akawa Afisa Mifugo Msaidizi, kisha Afisa Mifugo, na kwa miaka mingi likizo zangu zilihitaji sahihi yake. Alikuwa mkubwa mzuri. Ningefarijika kama angekuwa mbaya.

Sasa nimestaafu, nipo Rongai, na vijana wanaokuja kunihoji hungoja niwaambie kwamba nilifanya lililo sawa na moyo wangu umetulia. La kwanza ni kweli. Kuhusu moyo, sijui nani huwadanganya hivyo. Barasa naye amestaafu. Hunitembelea siku za Jumapili baada ya kanisa, hukaa kwenye kiti kile cha dirishani, na mke wangu humletea chai. Zamani hakuwa akitaja Uskoti mbele yangu, kwa huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko yote. Siku moja nilikumbuka maboma ya Tulwet, nikamwambia aanze mwanzo, asiache kitu. Akaanza na meli. Juma lililofuata akafika kwenye treni ya kaskazini, na theluji iliyolala juu ya migongo ya kondoo, nao wanakula tu.

"Rangi gani, hao kondoo?"

"Weupe. Uso mweusi."

"Na theluji haiyeyuki mgongoni?"

"Haiyeyuki. Sufu ni nene."

"Uliigusa?"

"Niligusa."

"Haya," nikamwambia, nikamsogezea chai. "Endelea."