Picha ya Kogo Sebuleni

Harufu ya chai ikikaushwa kiwandani Mogogosiek ilitupandia kila alasiri, tamu na nzito, na mpaka leo nikiisikia, wivu hunipanda pia. Likizo ile ya Desemba shangazi yangu, mpiga picha wa harusi, alitupa kazi mimi na binamu yangu Chela: kila mmoja ampige picha nyanya yetu, tuliyemwita Kogo. Iliyo bora ingetiwa fremu na kutundikwa sebuleni. Mimi nilipewa kamera kubwa ya shangazi. Chela akaambulia simu ya mamake, kioo kimepasuka. Nikajua nimeshinda. Tena nilistahili! Mimi ndiye niliyelala kwa Kogo, nikamchotea maji, na nilitaka kila mgeni anayeingia aone kwamba Kogo ni wangu.

Nilimvalisha nguo ya kanisani, nikamsimamisha katikati ya shamba la chai saa sita mchana, jua likiwaka, maana kwetu picha isiyo na chai haikuhesabiwa kuwa picha. Jioni hiyo Chela alimpiga picha mlangoni mwa jikoni, na kitambaa kikuukuu kichwani. Shangazi alizitazama zote bila haraka. "Kamera umeishika vizuri, mama," akaniambia. "Lakini jua la utosini limemtia vivuli machoni, na hii chai imemfanya uso kuwa kijani. Mweke mlangoni asubuhi, mwanga umwingie kutoka upande mmoja. Jaribu tena." Kisha akaigeukia ya Chela, akacheka peke yake. Ala! Simu ya kupasuka! Niliiombea itumbukie kwenye ndoo ya maziwa.

Kesho yake nilifuata kila neno. Mlango, asubuhi, ukungu umetanda nje na mwanga laini shavuni. Nikamwamuru Kogo asicheke, asitikisike, ainue kidevu. Shangazi alisifu mwanga, akasifu hata macho yalivyong'aa. "Hii haina kosa," akasema. "Ila hapa Kogo anangoja umalize. Kwenye ya Chela alikuwa anaongea." Ikatundikwa ya Chela. Nililia nyuma ya zizi mpaka ng'ombe wakanishangaa.

Siku hizi mimi ndiye mpiga picha. Nina taa, nina kamera ambayo shangazi angeitamani, na wateja wananiita kutoka Kaplong hadi Siongiroi, ilhali Chela anafuga ng'ombe wake na hapigi picha hata ya ndama. Kogo tulimzika mwaka jana. Iliyotangulia jeneza ni picha ileile ya simu, imekuzwa hadi ukungu umeiingia. Watu waliiona wakacheka huku wakilia, wakisema, "Ndiye huyu! Ndiye huyu kabisa!" Nami, mtu mzima, nikachomwa moyoni kama mtoto. Nikamvuta Chela kando, nikamwuliza, "Ulimwambia nini Kogo siku ile, akachangamka hivyo?"

"Mimi?" akashangaa. "Sikusema kitu. Ni yeye alikuwa anaongea, hakunyamaza hata kidogo. Alikuwa ananisimulia habari zako."